Taasisi zinapopeana data: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uwajibikaji na ubora wa programu

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya walio katikati: wahandisi wa programu, maofisa wa data, wanasheria na wasimamizi wa miradi ambao taasisi yao hutuma taarifa za watu kwa taasisi nyingine, au huzipokea. Maswali ni yale yanayosikika kwenye vikao, mara nyingi muulizaji akiwa ameshachelewa kidogo. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mizizi, mengine ni sentensi mbili tu.

Kwa nini mnachanganya kupeana data na ubora wa programu? La kwanza si la wanasheria, la pili la mafundi?

Ndivyo taasisi nyingi zinavyogawa kazi, na hapo ndipo mambo huharibikia. Mwanasheria anaandika kwamba mtoaji "atahakikisha data ni kamili na sahihi", anasaini, anafunga jalada. Fundi anayeandika programu ya kutuma hajawahi kuliona jalada hilo.

Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, maabara nchini Uingereza zilikuwa zikituma matokeo ya vipimo kwa Public Health England katika mafaili ya maandishi ya kawaida, CSV. Yakifika, yaliingizwa kwenye mafaili ya Excel ya muundo wa zamani wa XLS, ambao haubebi zaidi ya mistari 65,536. Faili likijaa, mistari iliyozidi iliachwa nje, kimya kimya. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, visa 15,841 vya maambukizi havikuingia kwenye hesabu za kila siku. Wagonjwa wenyewe walishapewa majibu yao. Walioumia ni waliokuwa wamekaa nao karibu, kwa kuwa kazi ya kuwatafuta na kuwaonya ilichelewa.

Angalia kwamba hakuna siri ya mtu iliyovuja pale, wala hakuna aliyeuza orodha ya wagonjwa. Mwanasheria angepekua kumbukumbu zote asikute mahali ambapo faragha ilivunjwa. Na bado data ya watu ilishikwa vibaya, kwa madhara kwa watu wengine wasiojua hata kama kuna faili. Kwa hiyo tunaposema kupeana data kwa uwajibikaji, kikomo cha mistari ndani ya faili kinahusika sawasawa na ridhaa ya mgonjwa.

Tumeshasaini makubaliano ya kupeana data. Hayatoshi?

Yanatosha kumwonyesha mkaguzi. Kwa kazi ya kila usiku hayatoshi, maana seva haisomi mkataba. Ninachopendekeza ni kukaa na makubaliano kifungu kwa kifungu, fundi na mwanasheria meza moja, mkiulizana: kifungu hiki kikivunjwa leo usiku, ni kitu gani kitapiga kelele?

Hati inasema data itatunzwa kwa siku 90. Kuna kazi inayojiendesha ya kuifuta, na ikishindwa kuna mtu anayepata ujumbe? Hati inasema itaonwa na kitengo kimoja tu. Kuna jaribio linaloingia kwa akaunti ya kitengo kingine na kutarajia kukataliwa? Hati inasema namba za simu hazitatumwa. Programu ya kutuma inakataa faili lenye kitu chenye sura ya namba ya simu, hata kikiwa kimejificha kwenye kolamu ya maoni, ambamo watu huandika chochote kinachowajia? Kifungu kisicho na jaribio kinaishi kwa bahati.

Mfano ninaoupenda wa hati iliyo sahihi na programu isiyoifuata ni chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter. Programu ya kampuni ya Lockheed Martin ilitoa takwimu za msukumo wa injini ndogo za chombo kwa vipimo vya pauni, na programu ya NASA iliyozipokea ilizichukulia kuwa ni nyutoni, kipimo cha nguvu cha mfumo wa mita. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni takriban mara 4.45. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilifika Mirihi kikiwa kimeshuka mno, kikapotea. Maelezo ya kiolesura, yaani ya namna data inavyopita kati ya pande mbili hizo, yalikuwepo muda wote, yameandikwa vizuri, na yalitaka nyutoni. Kilichokosekana ni jaribio la kulinganisha faili lenyewe na maelezo hayo.

Maelezo ya data yaandikwe kwa kina kiasi gani?

Mpaka mgeni asiwe na la kukisia. Huu ni mstari wa kubuni, lakini yeyote aliyepokea mafaili ya watu ameshaona ndugu zake:

0071458; 03/04/2021; 0; ; 1

Tuanze kushoto. Hiyo 0071458 ni namba ya utambulisho, na ni maandishi, si hesabu. Mtu akilifungua faili kwenye lahajedwali, kama Excel, "kuangalia tu" kisha akalihifadhi, sifuri mbili za mwanzo zinatoweka, na kesho 71458 haitapata mwenzake kwenye hifadhidata ya upande wa pili. Namba ndefu zina balaa jingine. Programu nyingi, zikiwemo zilizoandikwa kwa JavaScript, hazishiki kwa uhakika namba kamili zinazozidi 9,007,199,254,740,992, hivyo tarakimu za mwisho hubadilika bila onyo na rekodi ya mtu mmoja inaangukia kwa mwingine. Andikeni wazi kwamba kitambulisho ni maandishi na kina urefu gani.

Tarehe 03/04/2021 ni tatu Aprili au nne Machi? Jibu la "kila mtu anajua" halikubaliki. Tumieni mpangilio wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, wa mwaka, mwezi, kisha siku, mfano 2021-04-03, na saa ikiwepo iambatane na ukanda wake. Kisha elezeni ni tarehe ya nini: siku tukio lilipotokea, siku lilipoingizwa kwenye mfumo, au siku faili lilipotumwa? Nimeona mabishano ya wiki nzima kuhusu takwimu "zisizolingana" yakiisha dakika ile mtu alipouliza swali hilo.

Sifuri inayofuata inaweza kuwa kiasi halisi, au ndivyo mfumo wa zamani ulivyojaza pale usipojua. Nafasi tupu inaweza kumaanisha hakuulizwa, aliulizwa akakataa kujibu, au swali halimhusu. Kwa mtafiti hayo ni mambo matatu tofauti kabisa. Ile 1 ya mwisho, kama ni jinsia, kiwango cha ISO/IEC 5218 kinasema 0 haijulikani, 1 mwanamume, 2 mwanamke, 9 haihusiki. Kama si hiyo, ambatisheni orodha yenu ya misimbo pamoja na namba ya toleo lake.

Mstari mmoja, kolamu tano, na tayari kuna kikao cha saa moja. Afadhali kikao hicho kifanyike kabla.

Data ikiwa sahihi na imefika salama, kosa litatoka wapi tena?

Kutoka kwenye matumizi. Hapa taasisi nyingi hujisahau kwa sababu kila kipimo kinaonyesha kijani.

Mfano mzito ni Robodebt ya Australia. Kuanzia mwaka 2016, mfumo wa ruzuku za jamii ulilinganisha kwa mashine taarifa ilizopewa na watu kuhusu vipato vyao na taarifa kutoka mamlaka ya kodi. Mamlaka ya kodi ilikuwa na kipato cha mwaka. Ruzuku ilihesabiwa kwa kipato cha kila wiki mbili. Programu ikachukua kipato cha mwaka na kukigawa sawasawa kwenye vipindi 26, kana kwamba kila mtu hupata kiasi kilekile mwaka mzima. Aliyefanya kazi miezi sita, akakosa kazi miezi sita na kupokea ruzuku halali, alionekana alikuwa na kipato muda wote. Akatumiwa deni, na yeye ndiye aliyetakiwa athibitishe kwamba hadaiwi, wakati mwingine kwa hati za malipo za miaka kadhaa nyuma.

Mwaka 2020 serikali ilitangaza kurudisha takriban dola milioni 721 za Australia kwa madeni yapatayo 470,000. Tume ya kifalme ya uchunguzi ilitoa ripoti yake Julai 2023 na kuueleza mpango huo kuwa haukuwa wa haki wala halali.

Takwimu ya mwaka ilikuwa sahihi. Ilikusanywa kwa ajili ya kodi, na kwa kodi ilifaa. Kwa hiyo katika maelezo ya data ongezeni sehemu moja ambayo violezo vingi havina: *data hii haifai kutumika kwa nini*. Anayeijua data ndiye anayejua mipaka yake, naye ni mtoaji. Mpokeaji kwa upande wake aandike majaribio yenye watu wa kubuni wenye maisha ya kawaida yasiyonyooka: aliyebadilisha kazi katikati ya mwaka, aliyehama, mwenye waajiri wawili, mwenye jina lililoandikwa kwa namna mbili. Ukijaribu programu kwa mtu wa wastani tu, itafanya kazi kwa mtu wa wastani, na mtu huyo hayupo.

Kabla ya kutuma tunaondoa majina. Hapo tumemaliza, sivyo?

Hapana.

Mtafiti wa faragha Latanya Sweeney alionyesha, kwa kutumia sensa ya Marekani ya mwaka 1990, kwamba takriban asilimia 87 ya watu wa nchi ile wangeweza kutambulika kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta wa tarakimu tano. Hakuna jina hapo. Mwaka 2006 Netflix ilitoa alama zipatazo milioni 100 ambazo wateja karibu nusu milioni walizipa filamu, majina yakiwa yameondolewa, kwa ajili ya mashindano ya kuboresha mapendekezo. Watafiti Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov walionyesha kwamba ukijua filamu chache mtu alizozipa alama, na takriban siku alizozipa, unaweza kumpata ndani ya rundo lile.

Kuna kosa la kifundi linalojirudia zaidi ya hayo, nalo ni kudhani kwamba kupitisha namba ya utambulisho kwenye kanuni ya heshi, inayoigeuza kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu usiofanana nayo, kunaificha. Mwaka 2014 zilitolewa rekodi za safari zaidi ya milioni 170 za teksi za New York, namba za leseni zikiwa zimegeuzwa kwa heshi iitwayo MD5. Namba za leseni zina mpangilio unaojulikana, hivyo zinazowezekana ni chache kwa kompyuta. Mtu anazipitisha zote kwenye MD5, anatengeneza jedwali, anasoma majibu. Kazi ile ilichukua muda mfupi mno. Namba ya simu na namba ya kitambulisho zina udhaifu uleule. Kama ni lazima muunganishe rekodi bila kutoa namba halisi, tumieni heshi yenye ufunguo wa siri ambao mpokeaji hanao, au namba za kubahatisha zenye jedwali linalobaki kwa mtoaji.

Basi tusipeane data ya watu kabisa?

Hatujasema hivyo. Mara nyingi mpokeaji hahitaji mstari wa mtu mmoja mmoja, anahitaji jumla. Pelekeni jumla. Akihitaji mistari, punguzeni ukali: mwaka wa kuzaliwa badala ya tarehe, eneo kubwa badala ya mtaa, na msitoe kikundi chenye watu chini ya idadi mliyokubaliana. Kwa takwimu zinazotangazwa kwa umma kuna mbinu ya kuongeza kelele iliyopimwa kihisabati, yaani kubadilisha takwimu kidogo kwa kubahatisha, iliyoasisiwa kwenye kazi ya mtafiti Cynthia Dwork na wenzake mwaka 2006, na sensa ya Marekani ya 2020 iliitumia. Mbinu hiyo inataka mtaalamu. Msiijaribu kwa kukisia.

Njia nyingine ni kutohamisha data: mpokeaji analeta swali lake, linaendeshwa kwa mtoaji, yanatoka majibu tu. Kwangu mimi hii inastahili kuwa chaguo la kwanza kuliko inavyofikiriwa.

Wenzetu wameomba "kila kitu, tutachuja wenyewe". Tuwape?

Wakatalieni kwa upole. Kila kolamu iwe na sababu yake iliyoandikwa, na isiyo na sababu isitoke. Hoja ya faragha inajulikana, ila iko na ya kihandisi: kila kolamu unayotuma leo ni ahadi ya kuitunza kesho, kwa maana kuna mtu upande wa pili ataijengea programu yake bila kukuambia.

Tunawezaje kujua kwamba data imefika kamili?

Kwa kuhesabu, pande zote mbili, kila mara. Hili ni jambo rahisi kuliko yote kwenye ukurasa huu na ndilo ambalo huachwa zaidi.

Kila faili liambatane na kijifaili kidogo kinachosema: mistari mingapi, jumla ya kolamu fulani ya fedha au idadi, tarehe ya kwanza na ya mwisho, toleo la maelezo ya data, na alama ya uhakiki ya SHA-256, yaani heshi ya faili zima, inayobadilika faili likibadilika hata kidogo. Mpokeaji akishapakia *kwenye hifadhidata yake*, ahesabu tena hukohuko na kulinganisha. Kuhesabu mistari ya faili lililopakuliwa hakutoshi. Mistari hupotea baada ya hapo, kwenye kupakia. Zisipolingana, kazi isimame na data ya jana iendelee kutumika, ikiwa na maandishi yanayosema kwamba ni ya jana.

Ongezeni jaribio la mantiki. Ikiwa kwa kawaida hupokea mistari elfu arobaini na leo imekuja mia tatu, faili linaweza kuwa halina kasoro yoyote ya muundo na bado likawa limekosewa. Vilevile faili lisipofika kabisa: programu nyingi hazina la kusema kuhusu kitu ambacho hakikuja. Wekeni saa.

Na rekodi za nani alituma nini, lini, toleo lipi, nani alifungua, zitunzwe mahali ambapo mtu wa kawaida hawezi kuzifuta. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lahajedwali na barua pepe vina ubaya gani? Ndivyo tumekuwa tukifanya.

Barua pepe huacha nakala kwenye sanduku la kila aliyenakiliwa, na anwani moja iliyokosewa haiwezi kurudishwa. Lahajedwali hujifanya linajua ulichomaanisha. Wanasayansi wa jeni waliteseka nalo kwa miaka: majina kama SEPT1 na MARCH1 yaligeuzwa tarehe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta makosa ya aina hiyo katika takriban makala moja kati ya tano zilizokuwa na orodha za jeni za Excel. Mwishowe, mwaka 2020, kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilieleza kuwa jeni hizo zimepewa majina mapya, SEPTIN1 na MARCHF1. Ilikuwa rahisi kubadilisha jina la jeni kuliko kuibadilisha programu.

Lahajedwali ni chombo kizuri cha kutazamia data. Lisiwe njia ya kupitishia.

API ni bora kuliko faili la kila usiku?

Inategemea. API, yaani njia ya programu moja kuiuliza nyingine moja kwa moja, inafaa mpokeaji anapohitaji rekodi moja kwa wakati: inaruhusu kumpa alichouliza tu, kukagua ruhusa kwa kila ombi na kuandika nani kauliza nini. Faili linafaa kwa wingi na kwa takwimu, na ni rahisi zaidi kulirudia likiharibika. Ninachoogopa ni API iliyofunguliwa kwa rekodi moja moja kisha mpokeaji akaandika programu ya kuzivuta zote usiku kucha. Hapo mmetoa hifadhidata nzima bila makubaliano. Wekeni kikomo cha maombi na mtu wa kukiangalia.

Wenzetu hubadilisha muundo wa data bila kutuambia, mfumo wetu unaanguka.

Shukuruni unapoanguka. Siku mbaya ni ile usipoanguka. Mtoaji amebadilisha kolamu ya kipato kutoka ya mwezi kuwa ya mwaka, jina limebaki lilelile, aina ni namba vilevile, na ripoti zenu zinaendelea kutoka zikiwa nzuri na za uongo.

Dawa ni mbili. Upande wa makubaliano: maelezo ya data yawe na namba ya toleo, na mabadiliko yanayovunja yatangazwe mapema kwa muda mliokubaliana, toleo la zamani likiendelea kutumwa sambamba kwa kipindi hicho. Kubadilisha *maana* ya kolamu ni mabadiliko yanayovunja, hata kama hakuna herufi iliyobadilika. Upande wa programu: mpokeaji aandike matarajio yake kama majaribio, kisha ampe mtoaji majaribio hayo ayaendeshe kwenye mfumo wake kabla ya kutoa toleo jipya. Taasisi nyingi huona ajabu kuendesha majaribio ya taasisi nyingine. Wakishazoea, simu za alfajiri hupungua.

Tunaweza kutumia data halisi ya wenzetu kwenye mazingira ya majaribio?

Hapana, isipokuwa makubaliano yanasema hivyo waziwazi na mazingira hayo yanalindwa kama yale halisi, jambo ambalo karibu halitokei kamwe. Mazingira ya majaribio ndipo nenosiri hushirikiwa, mkandarasi wa muda huingia na nakala husahaulika. Tengenezeni data ya kubuni. Tena ni bora kwa ubora wa programu: kwenye data halisi ya mwezi mmoja huenda hakuna mtu aliyezaliwa tarehe 29 Februari, na kwenye ya kubuni utamweka kwa makusudi.

Je, tuwaambie wenzetu kasoro za mfumo wetu? Si tutajiaibisha?

Waambieni. Orodha ya kasoro zinazojulikana isafiri pamoja na data, kila toleo.

Kisa cha Horizon kinatosha kueleza kwa nini. Ulikuwa mfumo wa hesabu wa ofisi ndogo za posta za Uingereza, uliotengenezwa na kuendeshwa na Fujitsu kwa ajili ya Post Office. Kati ya 1999 na 2015 wasimamizi wa ofisi hizo zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na hesabu za uongo, kesi zikitegemea upungufu wa fedha ulioonyeshwa na mfumo. Mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kutengeneza upungufu usiokuwepo, na wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia kwenye hesabu za ofisi kutoka mbali. Baadhi ya hayo yalijulikana ndani wakati kesi zikiendelea, lakini washtakiwa hawakuambiwa. Mwezi Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta kwa mkupuo sehemu kubwa ya hukumu hizo.

Takwimu ilitoka kwa kampuni ya programu, ikaenda kwa taasisi mteja, ikaenda mahakamani, na kila ilipopita ilizidi kuonekana ya uhakika. Orodha ya kasoro ndiyo ingeizuia njiani. Aibu ya ukurasa mmoja wa kasoro ni ndogo.

Programu imetengenezwa na mkandarasi. Ikivuja, si ni juu yake?

Kwa watu wenye data, ni juu yenu. Mwezi Mei 2023 wahalifu walitumia udhaifu kwenye MOVEit, programu ya kuhamisha mafaili ya kampuni ya Progress Software, na taasisi nyingi duniani zikaibiwa data. Baadhi yao hazikuwahi kuinunua MOVEit. Iliyokuwa nayo ni kampuni iliyowashughulikia mishahara au pensheni, au mkandarasi wa kampuni hiyo. Kwa hiyo ulizeni: data yetu inapita kwenye programu zipi, mikono mingapi, na nani husasisha? Na kwa nini mafaili ya mwaka jana bado yako kwenye seva ya kuhamishia? Seva hiyo ni mlango, si ghala, kilichopita kifutwe.

Sheria nayo ina saa yake. Chini ya GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data za watu iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, mwenye dhamana ya data, yaani taasisi inayoamua data itumike kwa nini na vipi, hutakiwa kuiarifu mamlaka ndani ya saa 72 tangu ajue uvujaji, pale inapowezekana, isipokuwa kama hauelekei kuwaletea watu hatari. Mchakataji anayefanya kazi kwa niaba yake hutakiwa kumwarifu yeye bila kuchelewa. Nchi nyingine nyingi zina sheria zinazofanana. Andikeni kwenye makubaliano majina ya vyeo na namba za kupiga usiku, kisha mfanye zoezi la kupigiana mara moja kwa mwaka. Utashangaa ni namba ngapi hazipatikani tena.

Mtu akiomba taarifa zake zirekebishwe, tunamaliza kwetu au tunawafuata tuliowapa?

Mnawafuata. Kifungu cha 19 cha GDPR kinamtaka mwenye dhamana awaarifu wote aliowapa data hiyo kuhusu marekebisho au ufutaji, isipokuwa kama haiwezekani au ni mzigo uliopita kiasi. Ili uweze kufanya hivyo lazima ujue nani ulimpa nini, na programu iwe na njia ya kupeleka marekebisho. Mifumo mingi ina njia ya kutuma rekodi mpya tu. Rekodi iliyofutwa kwa mtoaji haipo kwenye faili la leo, na mpokeaji anaendelea kuitunza milele kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Tumeni orodha ya zilizofutwa, waziwazi, kama ujumbe unaojitegemea. Na nakala rudufu zikirejeshwa, orodha hiyo ipitishwe tena, la sivyo aliyefutwa Januari atafufuka Machi.

Taasisi yetu ni ndogo, hatuna kitengo cha data. Tuanzie wapi?

Orodhesheni kila data inayotoka na inayoingia, hata ile ya faili kwenye kifaa cha kubebeka anayoipeleka mtu mmoja kila mwisho wa mwezi. Hiyo hasa. Chagueni mkondo wenye taarifa nyeti kuliko yote, andikeni maelezo ya kolamu zake, wekeni hesabu ya mistari pande zote mbili. Vipo viwango vya kimataifa, kama ISO/IEC 25012 chenye sifa 15 za ubora wa data na ISO/IEC 25010 cha ubora wa programu, na siku mkiwa na muda ni vizuri kuvisoma. Hamvihitaji kuhesabu mistari.

Mradi ukiisha tunafanya nini?

Mnaufunga kwa makusudi, maana wenyewe haujifungi. Fungueni orodha: akaunti za wenzenu kwenye mfumo wenu, funguo za API, kazi zinazojiendesha usiku, mafaili kwenye seva ya kuhamishia, nakala rudufu, ripoti zilizotoka na data hiyo, nakala kwenye kompyuta ya mchambuzi. Mpokeaji athibitishe kwa maandishi amefuta nini na lini, na kipi kitabaki kwa sababu ya sheria na hadi lini. Mtoaji azime ufunguo siku hiyohiyo, kisha kwa mwezi mmoja aangalie kumbukumbu za seva. Maombi yakiendelea kuja kwa ufunguo uliozimwa, kuna programu upande wa pili ambayo hakuna anayeikumbuka, na ni wakati wa kupiga simu.